Kona ya Kioo cha Muthangari

Waithaka,
Jumapili, 12 Januari 2025

Kwa mke wangu Wamucii,

Pokea salamu za mume wako wa Waithaka. Mimi ni mzima, ukiondoa goti la kushoto, ambalo siku hizi linatabiri mvua kuliko wale watu wa redio, na jino moja la nyuma lililobaki peke yake kama askari aliyesahauliwa zamu. Wewe je? Unakula? Baridi ya Ufaransa imekuachia masikio yote mawili?

Debra aache kucheka. Ndiyo, Debra, nakuona. Huyu Debra wa kibanda cha simu ndiye anayepiga picha barua zangu na kukutumia, na majibu yako ananichapishia, na njiani anasoma kila neno. Juzi aliniuliza mzee kama mimi ameoa lini msichana wa chuo kikuu. Nikalazimika kumfundisha. Nikamwambia wewe ni binti wa kwanza wa mwanangu Njuguna, ulipewa jina la cucu, nyanya yako marehemu, na kwetu aliyebeba jina la mke wangu ni mke wangu. Akaniuliza kama umeshawahi kunipikia. Nikamwambia ndoa za mbali ndizo hudumu.

Nawe usiniambie tena nipige simu. Kwenye simu mtu huongea kabla ya kufikiri, na mimi nikiongea bila kufikiri huwa kuna kitu kinavunjika.

Sasa nieleze vizuri kazi yako, maana unaniaibisha kanisani. Mwalimu Ndegwa ameniuliza mbele ya watu, "Huyo mjukuu wako daktari anatibu nini?" Nikamwambia hatibu, anavunja. "Anavunja nini?" Vitu vidogo. "Vidogo kiasi gani?" Nikamwambia vidogo kuliko sadaka yako. Tangu hapo hatusalimiani vizuri.

Lakini kama kazi ni kuvunja, hiyo umeirithi. Miaka arobaini nimekata vioo na kuviweka pale mjini, na nilikwambia ukiwa bado unanyonya kidole: kioo kikivunjika usiulize watu, uliza vipande. Watu wana sababu ya kudanganya. Kipande hulala pale kilipotupwa, na ukikitazama vizuri kitakuambia kimetupwa na nani.

Kuna habari nyingine, ndogo tu. Alhamisi nilitembelewa na Mabruka, binti ya Athman. Unamkumbuka Athman wa duka la vioo, tuliyekuwa naye mimi na Mwanzia, watatu, duka moja, birika moja la chai. Mabruka anasema baba yake anafunga duka. Jumatano, tarehe ishirini na sita Februari, anapanda basi kurudi kwao Lamu akafunge Ramadhani nyumbani, na harudi tena. Eti anataka kuniona kabla hajaondoka.

Nilimpa chai, nikamwambia barabara ya kuja Waithaka haijahamishwa. Baba yake ndiye aliyecheka kazini mwaka 2006, akaangusha kile kioo kikubwa cha Muthangari, na siku hiyohiyo duka letu likavunjika vipande vitatu. Miaka kumi na tisa hajaniomba radhi. Aje aombe. Asipokuja, Lamu ni kuzuri, awasalimie punda.

Mumeo mzee,
Guka Gerishon


19 Januari 2025

Guka wangu mpendwa,

Mimi ni mzima, masikio yote mawili yapo. Nakula, ingawa watu wa huku wanaamini jibini ni chakula. Goti linasemaje? Jino je? Msalimie Debra, mwambie najua anasoma.

Kazi yangu ni hii. Chukua kaboni dioksaidi, ile hewa tunayoitoa tukipumua. Kila molekuli yake ni kama watu watatu waliosimama kwenye mstari: kaboni katikati, oksijeni kila upande. Kinachowashikanisha ni elektroni. Kwako wewe niseme elektroni ni pati, ile unayobandikia kioo kwenye fremu. Sasa sisi tunachukua atomu nyingine, tunaivua elektroni zake nyingi mpaka inabaki na njaa mbaya. Hiyo inaitwa ioni. Tunairusha ipite karibu na wale watatu. Mara nyingi haiwagusi hata. Inapita tu, inanyakua elektroni mbili tatu, inaenda zake. Wale watatu wanabaki bila pati ya kutosha, wote wana chaji ya aina moja, na wenye chaji moja husukumana. Basi wanatimka, kila mmoja na njia yake.

Hakuna jicho la kuyaona hayo, yanaisha upesi mno. Tunachopata ni vipande vikigonga bamba letu: kipi kimefika lini, na kimegonga wapi. Kutoka hapo tunarudi kinyumenyume mpaka tunajua walivyoachana. Unaona, Guka? Nimevuka bahari kuja kufanya kazi uliyonifundisha sebuleni.

Swali langu la mwaka huu ni moja. Je, wale watatu waliachana kwa mpigo, wote pamoja? Au mmoja alitoka kwanza, wawili wakabaki wameshikana kidogo, halafu nao wakaachana? Tarehe sita Februari nitasimama mbele ya maprofesa niwajibu.

Sasa kuhusu Mzee Athman. Namkumbuka vizuri. Alikuwa akinipa kashata nikija dukani, na aliniruhusu kujitazama kwenye kioo cha wateja mpaka nichoke. Mwezi ujao si mbali, Guka. Lakini sitakusumbua. Naomba tu unisaidie kwa kazi: siku ile, vipande vya kioo cha Muthangari vililala vipi? Nieleze jinsi mlivyokibeba, na kila kipande kiliangukia wapi. Hakuna fundi mwingine ninayemjua anayekumbuka kioo cha miaka kumi na tisa.

Mjukuu wako,
Wamucii


Waithaka,
26 Januari 2025

Mke wangu,

Sisi huku wazima. Goti limetulia, jino bado liko zamu.

Kumbe ni unyang'anyi! Nimemweleza Mwalimu Ndegwa yote. Nikamwambia mjukuu wangu anamtuma jambazi mwenye njaa apite karibu na watu watatu waliosimama kwa amani, awanyang'anye pati, kisha wachukiane wao kwa wao na kutawanyika, na jambazi awe ameshaenda zake. Mwalimu akafikiri, akasema, "Hiyo si sayansi, Gerishon, hiyo ni siasa." Tumepatana tena.

Umeuliza vipande. Umeuliza mtu anayejua.

Kioo kikubwa hubebwa kikiwa kimesimama kwa ukingo, watu watatu kwa mstari, gunia mikononi. Na sheria ni moja, tuliipata kwa fundi Mhindi aliyetufundisha sote: anayesema ni wa mbele peke yake. Wa mbele ndiye macho. Akisema "ngazi", wote wanajua ngazi. Akisema "kushoto", ni kushoto. Wa katikati na wa nyuma, hata wakiumwa na siafu mahali pasipotajika, wanyamaze. Kazi yao ni mikono.

Siku hiyo tulikuwa tunapandisha kioo cha bafu la bwana mmoja wa Muthangari, kikubwa kama mlango wa kanisa. Bafu lilikuwa ghorofani, na tulipitia ngazi za nje. Mimi mbele, Athman katikati, Mwanzia nyuma. Athman akacheka, akaachia, kikaanguka. Paa! Mara moja.

Vipande vidogo vilishuka ngazi. Vingine vilienda kushoto kwenye maua, vingine kulia mpaka chini ya gari, kila upande, kama waumini wakisikia neno "harambee". Kimoja nilikiokota kwenye bakuli la mbwa. Na kona moja, pembe tatu kama sambusa, ilikaa juu kabisa kwenye kizingiti cha mlango, peke yake, nzuri, hata haikuchanika. Niliitazama sana ile kona. Ningeweza kuitengenezea kijidirisha cha choo.

Haya, nimekupa vyote. Waambie maprofesa wako kwamba hiyo wamepewa na mtu wa darasa la sita.

Mumeo,
Guka


8 Februari 2025

Guka wangu mpendwa,

Natumai goti na jino wanaelewana. Mimi mzima, na nina furaha ya kukuletea. Maprofesa wameridhika!

Jibu ni kwamba yote mawili hutokea, lakini lile la pili ndilo lililowafurahisha. Kama watatu wangeachana kwa mpigo kila mara, alama kwenye picha yetu zingekusanyika sehemu mbili tu, palepale kila mara. Sisi tumepata pia nusu duara, safi kama ukingo wa sahani. Maana yake kuna mara ambapo mmoja hutoka kwanza, wale wawili wanabaki wameshikana wakizunguka, leo hivi, kesho vile, ndipo wanaachana. Kwa sababu walizunguka, vipande vyao huenda kila upande.

Sasa, Guka, keti. Kama umesimama kwenye kibanda, omba kiti kwa Debra.

Nimekiweka kioo chako kwenye karatasi kama ninavyoweka molekuli zangu. Kama Mzee Athman angekiachia pale katikati, kioo kizima kingeshuka ngazi. Kona isingepanda kwenda juu ikalale kwenye kizingiti, na isingebaki nzima. Ile kona ilitoka kwanza, kabla ya kila kitu. Iligonga fremu ya mlango, ikakatika, ikaanguka palepale. Kioo kilichobaki bado kilikuwa mikononi mwenu. Kikajipinda, kikazunguka, ndipo kikaachana, ndiyo maana vingine vilienda kwenye maua na vingine chini ya gari.

Haukuwa mpigo mmoja, Guka. Ilikuwa mipigo miwili. Na wa kwanza ulikuwa mlangoni, na mlango ulikuwa mbele, na mbele ulikuwa wewe.

Wewe ndiye uliyekuwa macho. Ulikuwa unaangalia wapi?

Mjukuu wako akupendaye,
Wamucii


16 Februari 2025

Guka,

Habari za siku? Siku nane sijapata hata mstari. Nimeuliza, na Debra amenijibu hivi, nanukuu:

"Sasa Wamucii. Guka ako sawa, usiogope. Nilimpea barua yako akasoma mara tatu akaikunja akaweka ndani ya kofia. Tangu hiyo siku anapita hapa na kofia imesimama kama kanisa. Hajanitania wiki mzima. Hajamtania hata yule mama wa mboga. Watu wa stage ya matatu wananiuliza kama ni mgonjwa. Tafadhali mwandikie kitu poa."

Basi naandika kitu poa. Sikukasirika, Guka. Wala sikuuliza ili nikushinde. Nimeuliza kwa sababu leo ni tarehe kumi na sita, na basi la Lamu linaondoka tarehe ishirini na sita.

Kashata za Mzee Athman zilikuwa tamu. Ukizipita hizo, sidhani kama nimewahi kumsikia mtu akicheka vizuri kama yeye.

Mjukuu wako,
Wamucii


Waithaka,
Alhamisi, 20 Februari 2025

Wamucii,

Nimepata barua zote mbili. Afya nzuri. Goti, acha.

Nilitaka kukuandikia kwamba fremu ya yule bwana ilikuwa imewekwa vibaya. Barua hiyo nimeiandika mara mbili. Debra amekataa kuipiga picha, anasema simu yake imejaa, uongo hauna pa kukaa. Kwa hiyo shika hii.

Kioo chenyewe kilikuwa cha aina ile ambayo upande mmoja unajiona mwenyewe, upande wa pili unaona ng'ambo. Yule bwana alitaka akiwa anaoga aone barabara, na barabara isimwone. Tajiri wa Muthangari ana shida zake. Sasa mimi, mbele, kioo mkononi, tumebakiza ngazi moja tufike mlangoni, na sheria inaniruhusu kusema mimi peke yangu, nikaona hiyo nafasi haiwezi kupotea. Nikaanza: "Jamani, kuna bwana mwingine aliwekewa bafuni kioo kama hiki. Mwezi uliofuata akamrudia fundi, akamwambia, fundi, kazi yako ni safi kabisa..."

Nikasikia Athman ameanza kupumua kwa pua. Hujawahi kumtazama Athman akizuia kicheko. Masharubu hutangulia, yanacheza peke yake, halafu mabega, halafu mtu mzima anatingika kama gari bovu. Nilitaka kuyaona yale masharubu. Basi. Niligeuza kichwa kuyaona.

Kona ikagonga fremu. Tik. Kasauti kadogo, kama mtu anayegonga kijiko kwenye kikombe. Nawe umesema kweli, hakikuanguka. Kilibaki mikononi mwetu, na mstari wa ufa ukaanza kutembea kutoka pale konani, polepole, tunautazama.

Mimi niliachia, Wamucii. Niliruka kando. Mwanzia alijibana ukutani, na kulikuwa hakuna pa kwenda. Aliyebaki amekishika ni Athman, peke yake, kinazunguka mikononi mwake, kwa sababu chini yake alikuwa Mwanzia, na angekiachia kingempata Mwanzia shingoni. Alikipinda kwa nguvu kikaachana kushoto na kulia. Kikampasua kiganja, kutoka kidoleni hadi kifundo cha mkono.

Mwenye nyumba akatoka na taulo. "Ni nani?" Na anayesema ni wa mbele. Nikasema, "Huyu. Amecheka."

Athman alinitazama, damu inadondoka kwenye ngazi. Akajifunga kiganja kwa lile gunia.

Mwanzia alirudi kwao Masii mwezi uleule, na nasikia hadi leo hataki kioo hata cha miwani. Lakini aliyetoka kwanza dukani ni mimi, asubuhi iliyofuata, kabla hawajafika. Nilichukua almasi yangu ya kukatia vioo, nikashika njia ya Waithaka. Halafu nikakaa miaka kumi na tisa namngoja mtu aje aniombe radhi kwa kosa langu.

Sasa nitaendaje? Naona haya. Na mimi sina haya, muulize mtu yeyote hapa. Aende tu Lamu. Pengine nitamwandikia akishafika.

Guka


Jumapili, 23 Februari 2025

Kwa mume wangu Gerishon,

Natumai u mzima, maana nina kazi nawe.

Miaka yangu yote ishirini na minane umeniita mke wako. Umeniita hivyo kanisani, sokoni, na siku ya mahafali yangu mbele ya mkuu wa chuo, aliyetaka kuita polisi. Sijawahi kudai haki hata moja ya huo umke. Leo nadai.

Yule mwenye jina angekuwa hai, ungekuwa umeshaenda tarehe kumi na mbili Januari, na ungekuwa umeenda bila kunywa chai. Wote tunajua. Kwa kuwa hayupo, na jina ameniachia mimi, nakuambia kwa sauti yake: vaa lile koti la kijivu. Chukua ile almasi. Jumanne asubuhi uende mjini, uingie dukani kwa Athman, useme ulichoniandikia mimi. Usianze na fremu.

Na usimchekeshe akiwa ameshika kitu.

Mkeo,
Wamucii


Waithaka,
Alhamisi, 27 Februari 2025

Kwa mke wangu, mkali kuliko wa kwanza,

Salamu nyingi, kutoka kwa mtu aliyetii. Debra amesoma amri yako kwa sauti, mama wa mboga akapiga makofi, na mtu mmoja nisiyemjua akaniambia, "Mzee, nenda." Sikuwa na namna.

Jumanne niliingia mjini na koti. Ile njia yetu imejaa maduka ya simu, kila mlango unapiga muziki wake, lakini duka bado lipo, na juu ya mlango bado imeandikwa "Watatu", herufi nilizozipaka mimi mwenyewe, W imeinama kama mlevi. Hakuwahi kuifuta.

Ndani kumebaki tupu. Athman amezeeka, Wamucii. Masharubu yamekuwa meupe. Alikuwa amesimama mbele ya kile kioo kikubwa cha ukutani, ulichokuwa ukijitazamia, yeye na Mabruka, wanashindwa jinsi ya kukitoa. Akaniona kwenye kioo kabla hajageuka.

Nikafungua mdomo. Akanyoosha kidole.

"Wewe shika huku nyuma."

"Athman, mimi nime..."

"Wa mbele ni mimi leo. Shika."

Nikashika. Tukakitoa ukutani, tukapita nacho kati ya masanduku, yeye mbele, mimi nyuma, mdomo umefungwa. Sijawahi kunyamaza umbali mrefu hivyo. Anasema "kushoto", ni kushoto. Anasema "kizingiti", nainua mguu, goti linalia, mimi kimya. Nilikiona kiganja chake. Kovu limelala pale kama mto kwenye ramani. Tulivuka njia mpaka duka la jirani aliyekinunua, tukakiegemeza ukutani, akakitazama, akakiacha. Kizima.

"Haya," akasema. "Sasa sema."

Nikasema. "Ni mimi niliyegeuka nyuma. Kona niliigonga mimi. Na nikaachia. Na nikakutaja wewe."

"Najua."

"Unajua?"

"Gerishon, nilikuwa nakutazama usoni! Mtu wa mbele anibebeshe kioo huku ananikodolea macho, nisijue?"

"Mbona hukusema?"

"Kwani mimi nilikuwa mbele?" Akajifuta masharubu. "Nilikungojea useme wewe. Nikasema kesho atakuja. Kesho ikawa mwaka. Wallahi una kichwa kigumu, bwana we. Punda wa kwetu wana nafuu."

Nikamwambia nisamehe. Nililisema hivyohivyo tu, neno moja, bila mapambo. Akasema alishasamehe zamani, ila alitaka nipande basi nije kuuchukua msamaha mwenyewe. Kisha akanishika bega, akaniinamia kama mwenye siri.

"Haya, na mwisho wake?"

"Mwisho wa nini?"

"Wa kile kichekesho! Yule bwana wa bafu. Amemrudia fundi, amemwambia kazi yako ni safi kabisa... Halafu? Miaka kumi na tisa, Gerishon. Nimemuuliza kila mtu mjini. Nimewauliza mafundi wa soko la Gikomba, nimemuuliza imamu. Hakuna anayekijua!"

Na mimi, mke wangu, nimesimama pale, koti la kijivu, almasi mfukoni, nikatafuta kichwani, nikatafuta tena.

"Nimesahau," nikasema.

Alinitazama. Masharubu yakaanza. Yakafuata mabega. Alicheka mpaka akashika ukuta, mpaka Mabruka akaja mbio akidhani baba yake ameanguka. Nami nikacheka mpaka lile jino likatingika. Watu wa maduka ya simu walizima muziki kututazama.

Jana nilimsindikiza kwenye basi, yeye na Mabruka. Almasi yangu nimempa, akakatie vioo vya misikiti huko. Alipofika dirishani akapiga kioo kwa kidole, akanionyesha mdomo: "Kumbuka!"

Sasa nakumbuka kila kitu isipokuwa hicho. Nakumbuka hata bakuli la mbwa. Mwulize profesa wako kama ile mitambo inaweza kurudi kinyumenyume kwenye kichwa cha mzee.

Mumeo mtiifu,
Guka Gerishon


Waithaka,
Jumatatu, 3 Machi 2025

Kwa ndugu yangu Athman, Lamu,

Ramadhani njema. Habari za safari, habari za nyumbani, habari za punda? Kiganja kinasemaje na ule unyevu wa kwenu? Mimi ni mzima kuliko ninavyostahili. Wamucii anakusalimu kutoka Ufaransa, anasema bado unadaiwa kashata.

Nimekumbuka. Leo asubuhi, mbele ya kioo, nanyoa ndevu, kimenijia chote, na nimejikata kidevu kwa ajili yako. Sasa tumelingana, ingawa kidonda changu kimezibwa kwa kipande cha gazeti.

Mabruka atakupa barua hii baada ya kufuturu. Nimemuuliza kwa simu yake kama kucheka kunavunja funga, akasema hapana, lakini kwako wewe tusijaribu. Debra, anayenipigia picha barua, ameisoma kwanza, na nusura simu imtoke mkononi. Kwa hiyo sikiliza, leo wa mbele ni mimi tena, na ninaangalia mbele. Kaa chini. Kikombe kiweke mezani. Mjukuu akiwa magotini, mpe mama yake. Una kitu mkononi? Kiweke.

Haya.

Yule bwana akamwambia, "Fundi, kazi yako ni safi kabisa. Naoga kwa raha, najiona vizuri, nje simwoni mtu hata mmoja. Kitu kimoja tu kinanishangaza. Tangu uniwekee hicho kioo, kwaya ya akina mama imehamishia mazoezi mbele ya nyumba yangu, na nikimaliza kujisugua mgongo wananipigia makofi."

Cheka sasa, ndugu yangu. Huna kitu mkononi.

Ndugu yako,
Gerishon